Kapteni Aliyeacha Ndege Kubwa

Kitengela,
Jumapili, mvua imekatika

Kapteni,

Ijumaa nilimpeleka Mama Naisola benki, Kajiado mjini. Alivaa shuka yake nyekundu ya kanisani na viatu vya kufunga, na kutoka nyumbani kwenu hadi mjini alishika kibeti chake kwa mikono miwili. Tulipotoka alisimama kwenye ngazi, akafunga kibeti chake, akaniambia, "Imeingia. Imeandikwa jina langu." Kisha akalia pale pale, watu wakipita, na mimi nikalia naye. Ni pensheni yako, Kapteni. Sehemu ya mjane. Askari wa benki alitukaribia akitaka kujua kama tumeibiwa.

Halafu mke wako, unamjua, akapangusa macho na kusema, "Twende tukule kwanza, ndio tulie vizuri." Tukala nyama choma karibu na stendi. Alikula vizuri. Nimeona nianze na hilo maana ndilo ungeuliza kwanza.

Miezi imepita tangu tukuzike kule nyumbani, upande wa barabara ya Bissil. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na habari nyingine isipokuwa kwamba haupo. Nilikuwa naingia kwenye ndege, naketi kwenye kiti chako, naona kimebaki na umbo la mgongo wako. Nilimwambia fundi abadilishe ile foronya ya kiti. Siku aliyoibadilisha nikamkasirikia.

Acha nikueleze siku uliyokuja, maana sidhani uliwahi kujua sisi tulikuonaje.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi Hodan nilikuwa nimepata leseni juzi tu, rubani msaidizi, msichana wa Kisomali ambaye baba yake anauza mbuzi na ng'ombe hapa Kitengela. Kampuni yetu ilikuwa na ndege chache ndogo katika uwanja mdogo wa Nairobi. Tulibeba unga na dawa za msaada kwenda Lokichoggio, Loki kama tulivyopaita, tukabeba watalii kwenda mbugani, na siku zingine miraa. Asubuhi hiyo ukaingia kwenye banda la ndege na mkoba wako wa ngozi, shati limepigwa pasi, mistari minne begani. Kila mtu alikujua. Kapteni Sironka wa ndege kubwa za uwanja wa kimataifa wa Embakasi, mtoto wa wafugaji wa Kajiado aliyefika London na Bombay. Ukauliza Bwana Kamande yuko wapi, mwenye kampuni, na kama ana kazi.

Ulipoingia ofisini kwake maneno yakaanza. Mmoja alisema umefukuzwa kwa ajili ya pombe. Mwingine akasema ni mwanamke. Mimi nilisema labda macho yameharibika. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuacha ndege kubwa kwa hiari yake, mshahara mnono, hoteli za ng'ambo, aje kutua kwenye kiwanja cha vumbi ambapo kwanza unazunguka juu ili mbuzi waondoke.

Ulinichagua mimi kwa safari yako ya kwanza. Ukanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikakuangalia tu. Ukasema, "Unakaa Kitengela na hujui kuitikia? Sema, Iko." Nikasema Iko. Tangu siku ile hatukuwahi kuwasha injini kabla ya kusalimiana hivyo, hata siku ambazo tulikuwa tumekosana.

Nakumbuka vitu vidogo. Vile ulikuwa ukiinamisha ndege kidogo tukipita juu ya Kajiado, unasema, "Wale ng'ombe ni wa kaka yangu," na mimi naona tu nukta za rangi ya kahawia. Vile Ramadhani ya kwanza ulibeba chupa yako ya chai safari nzima kwenda na kurudi bila kuifungua. Nilikuambia, "Kapteni, kunywa, mimi sina shida." Ukasema chai bado ni moto. Tuliporudi nilikuona nyuma ya banda la ndege, umesimama peke yako unakunywa chai iliyopoa, unajificha mimi nisikuone. Sikukuambia kwamba nilikuona. Nakuambia leo.

Ilikuwa Loki uliponieleza kwa nini ulikuja. Tulikuwa tumekaa chini ya bawa tunangoja vijana wamalize kushusha magunia, na nikakuuliza, kwa sababu nilikuwa nimechoka na uvumi. Ukaniuliza kama namjua Kapteni Wafula. Nani hakumjua? Aliwafundisha nusu ya marubani wa uwanja wetu. Ukasema ulimtembelea Gataka, kule Rongai, ukamkuta anafuga kuku. Si kuku wa kujifurahisha mzee aliyestaafu. Kuku wa kula na kulipa kodi ya nyumba. Alikuwa amerusha ndege maisha yake yote katika kampuni tano na hakuwa na pensheni hata ya kununulia chakula cha hao kuku.

Sikuelewa. Nilijua marubani wana mfuko wa pensheni. Ukanieleza polepole, kama ulivyozoea kunieleza upepo. Mfuko ni wa chama chetu cha marubani, na ni mmoja kwa kampuni nyingi. Kampuni ikitia sahihi na chama, inachangia kwa kila rubani wake. Rubani akihama kutoka kampuni moja iliyotia sahihi kwenda nyingine iliyotia sahihi, miaka yake inaendelea. Lakini kampuni zilizotia sahihi zilikuwa zile kubwa za Embakasi na chache nyingine. Ndogo zetu zilikuwa nje. Na kulikuwa na kanuni mbaya zaidi: ukitoka nje ya mfuko kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla hujafikisha umri wa kustaafu, miaka yako ya nyuma inafutwa. Wafula alikuwa ameingia na kutoka, kuingia na kutoka, kwa sababu kampuni zilifungwa chini yake. Kila mara alianza upya.

"Nilisimama kwenye mkutano wa chama nikasema hii kanuni ni mbaya," ukaniambia. "Wakaniuliza, nani amelalamika? Hakuna mwanachama amelalamika. Na ni kweli. Wenye kuumia wakishaumia si wanachama tena."

Ndipo ukatoka. Mwenyewe. Ukaacha miaka yako yote ndani ya mfuko, ukaja kwa Bwana Kamande, ukangoja mwaka upite ili wakufute. Ulitaka awepo mtu mmoja aliyefutwa ambaye hawawezi kusema hawamjui. Nilikuuliza kama mkeo anajua. Ukaangalia magunia. Ukasema, "Anajua nimehama kazi."

Kapteni, siku ile nilidhani wewe ni mtu wa ajabu, na pia nilidhani hauko sawa kichwani. Nilikuwa na umri mdogo. Sikuwahi kufikiria uzee. Nilifikiria rubani huanguka au hapandishwi cheo, basi.

Mwaka ukapita, wakakufuta. Barua ikaja, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaikunja ukatia mfukoni, ukasema, "Haya. Sasa nimelalamika."

Watu wengi siku hizi wanasema mkutano wa kwanza wa marubani wa ndege ndogo ulikuwa Nairobi. Haukuwa Nairobi. Ulikuwa hapa, mtaa wa Noonkopir, kwenye ua wa nyuma wa duka la baba yangu, kwa sababu uwanjani tungeonekana na tungefutwa kazi. Baba alikubali kabla sijamaliza kumwomba. Aliona ni jambo la heshima, marubani kuja kwake. Alichinja mbuzi, Mama akapika wali na chai ya maziwa ya ngamia, na viti tukaazima kwa majirani na kanisani. Walikuja marubani wa kampuni ndogo karibu zote. Baba alipita katikati yao na birika, akasimama mbele yako akauliza kwa mshangao wa kweli, "Kapteni, kwani na nyinyi marubani mnazeeka?" Ua mzima ukacheka. Wewe hukucheka. Ukamjibu, "Mzee Abdi, tunazeeka haraka kuliko ng'ombe. Daktari akikataa macho yangu kesho asubuhi, mimi ni mzee saa hiyo hiyo." Kicheko kikaisha. Nafikiri ni hapo wengi walielewa walichokuja kufanya.

Mwenyekiti wa wadhamini wa mfuko alikuja pia, na mwenzake mmoja. Wewe ndiye uliyewaalika. Kabla hatujaanza, mwenyekiti akakushika mkono mkatoka mkasimama kando ya zizi la mbuzi. Nilikuwa napita na sahani kwa hivyo nilisikia. Alisema kwa sauti ya chini, ya kirafiki kabisa. "Sironka, wewe ni mtu wetu. Tumekaa tukaongea. Tutakurudishia miaka yako yote, kimya kimya. Wewe tu. Hii maneno ya ndege ndogo uiache." Ukamwomba aingie ndani aliseme hilo mbele ya watu. Akakataa. Ukamwambia, "Basi nitasema mimi."

Ukaingia, ukasimama, na hukupandisha sauti. "Nimeambiwa nitarudishiwa miaka yangu mimi peke yangu. Nimekataa. Nawaambia ili msisikie kwa mtu mwingine mkafikiri niliuliza." Ukaketi, ukamwomba Mama chai. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka kwa aibu, lakini hakuondoka. Nitampa hiyo sifa. Alikaa akasikiliza mpaka mwisho.

Nimewaona watu wakifanya mambo makubwa angani. Nimekuona wewe ukitua na gurudumu moja limekwama, ukiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Hakuna nililoliona lililonigusa kama vile ulivyoomba ile chai.

Lakini si wote walifurahi, na sitaki kukuandikia kama vile ulikuwa malaika. Siku chache baadaye Mama Naisola alikuja Kitengela. Hakuja kwangu, alikuja kwa Mama. Wakakaa jikoni, mmoja na Kiswahili cha Kimaasai, mwingine na cha Kisomali, na wakaelewana kabisa. Nilimsikia akisema, "Mwanaume amepewa mali yake mkononi, amekataa. Na mimi hakuniuliza." Mama hakukutetea. Alimwambia, "Hapo amekosea. Angekuuliza." Na ni kweli, Kapteni, ungemwuliza. Najua baadaye ulimwambia hivyo mwenyewe, kwa sababu aliniambia. Lakini alikaa miezi mingi bila kukuita jina. Alikuwa akikuita "rubani wa Kamande". "Mwambie rubani wa Kamande chakula kiko tayari." Uliuza fahali wawili kulipa karo ya binti yenu Naisola na hukuniambia, niliambiwa na baba ambaye ndiye aliyewanunua, na aliyekupa bei nzuri kuliko sokoni na akanikataza kukuambia. Sasa nyote wawili hampo, naona naweza kusema.

Halafu mimi nikapata mimba. Bwana Kamande aliniita akanipongeza, akasema niende nyumbani, nikimaliza kulea nirudi nione kama kuna nafasi. Alisema kwa upole. Hakuona kosa. Nilikuja kwako nikilia, na nilitaka umgombeze. Hukumgombeza. Ulienda ofisini kwake ukakaa muda mrefu, ukatoka ukaniambia nafasi yangu itakuwepo, na kwamba umeniwekea jambo lingine. Kwenye mkutano uliofuata ukaongeza dai: mwanamke akienda likizo ya uzazi, asihesabiwe ametoka kwenye mfuko. Wanawake tulikuwa mimi na dada mwingine mmoja tu kwenye ua ule. Wanaume wakaanza kucheka. Mmoja akasema tutaishia kulipa pensheni ya watoto wachanga. Ukangoja. Uliwaangalia mpaka wa mwisho akanyamaza, kisha ukasema, "Mmemaliza? Tuendelee." Dai likabaki. Mwanangu Ilyas, ambaye dai lile lilianza naye, sasa anakwenda shule, na dada wanaojifungua siku hizi miezi yao inahesabiwa kama kazi. Siku moja nitamweleza.

Mambo yalikwama kwa muda mrefu. Unakumbuka. Wadhamini walisema waajiri hawataki. Waajiri walisema wadhamini hawataki. Bwana Kamande alikuwa akikuambia, "Kapteni, leo niko na kandarasi, kesho sina. Nitaahidi mtu pensheni na sijui kama mwezi ujao niko na mafuta?" Na hukumwona kama adui. Ulikuwa ukiniambia, "Anaogopa. Mtu anayeogopa usimpigie kelele." Vijana walitaka tugome. Ukakataa, ukasema unga wa Loki si wa Kamande, ni wa watu wenye njaa, na hatutapata pensheni kwa kumnyima mtoto wa mtu chakula. Vijana walikuita mwoga. Nilikuwa mmoja wao kwa siku kadhaa. Nilikuitikia salamu kwa mdomo wa pembeni.

Kisha ukaja ule ukame. Kajiado ikawa nyeupe. Tulikuwa tukipita juu na hukuwa tena ukiinamisha ndege. Siku moja uliniambia ng'ombe wako waliobaki hawawezi kusimama wenyewe, asubuhi lazima wainuliwe. Ulisema bila kuniangalia, ukaendelea kusoma vipimo. Ng'ombe wale walikuwa ndio pensheni uliyobaki nayo, na sote tulijua.

Sijui nani alianza. Nafikiri ni Wafula, maana ndiye aliyejua mtu mwenye lori. Jumamosi tukaja kwenu, marubani wa ndege ndogo, na lori limejaa marobota ya nyasi tuliyochangia. Hukuwepo, ulikuwa safarini, na tulipanga hivyo makusudi ili usitukataze. Wafula alishuka na miaka yake yote akaanza kubeba. Wale vijana waliokuita mwoga waliingia zizini na viatu vyao vizuri, wakawainua ng'ombe mmoja mmoja, wawili mbele na wawili mkiani, na Mama Naisola akiwaonyesha namna ya kushika. Alitupa chai ya rangi. Aliomba msamaha kwamba hakuna maziwa, na ndiyo mara pekee niliyomwona akiona aibu, na haikuwa na sababu. Alimwuliza Wafula, "Wewe ndiye ule wa kuku?" Wafula akasema ndiye. Mama Naisola akamwongezea sukari.

Haukupita muda yule mwenyekiti akaja tena, nyumbani kwenu safari hii. Naye alikuwa amesikia habari ya ng'ombe. Naamini alikuja kwa nia njema. Akaleta neno lile lile: chukua yako, hali ni mbaya, hakuna atakayekulaumu. Uliniambia kwamba siku hiyo ulikuwa tayari. Ulisema, "Hodan, mdomo wangu ulikuwa umefunguka kusema ndiyo." Na ukakumbuka kwamba mara ya kwanza hukumwuliza mkeo, ukamgeukia. Ulisema, "Mama Naisola, unasemaje?" Mwanamke ambaye alikuwa amezika karibu ng'ombe wote. Naye akasema, "Wale watu walibeba nyasi hapa. Usichukue peke yako."

Uliponisimulia hayo tulikuwa hewani. Ulinipa usukani, ukaangalia nje upande wako. Nami niliangalia mbele.

Mlango ulifunguliwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelipanga. Kazi zilipungua Embakasi, na marubani wa ndege kubwa wakaanza kuachishwa. Wakaja kwenye uwanja wetu mdogo na mikoba yao ya ngozi, mashati yamepigwa pasi, wakiuliza kama kuna kazi. Kwenye mwaka wa kwanza wakagundua ile kanuni. Wengine walikuwa ndio waliosimama mkutanini kukuuliza nani amelalamika. Mimi ningewacheka. Nilikuwa nimeandaa kabisa maneno ya kuwacheka. Wewe uliwaketisha kwenye kile kibanda cha chai cha Mama Shiko, ukawanunulia mandazi, ukawaonyesha jinsi ya kupeleka malalamiko. Mmoja alitaka kukuomba msamaha akashindwa kuanza. Ukamwambia, "Kula kwanza."

Mkutano mkuu wa chama ulipoitwa, waliobaki Embakasi walikuwa wanajiona wao ndio wanaofuata, na safari hii hoja zetu zilipita kwa kura. Mfuko ukafunguliwa kwa marubani wa kampuni ndogo, kanuni ya kufuta miaka ikaondolewa, na likizo ya uzazi ikaandikwa. Waajiri walitia sahihi kwa zamu. Bwana Kamande aliona marubani wake wanahamia kwa waliotia sahihi, akaja kwako akiwa amekunja mikono ya shati. "Kapteni, nitabaki na ndege bila watu. Leta hiyo kalamu." Nawe ulimshukuru kama vile ni yeye aliyeanzisha.

Haikuwa yote tuliyotaka. Miaka tuliyorusha kabla kampuni zetu hazijatia sahihi haikuhesabiwa. Mzee Wafula alipata kwa ajili ya zile kampuni mbili tu zilizokuwa ndani, basi. Ilikuwa kidogo. Nilikasirika kwa niaba yake, lakini yeye alikuja uwanjani na trei ya mayai kwa kila mmoja wetu, akasema sasa kuku watafugwa kwa raha. Na wewe ukarudishiwa miaka yako, katika kundi, jina lako likiwa katikati ya mengine.

Ulistaafu ukiwa na afya. Tulifikiri utakaa miaka mingi. Ulinunua ng'ombe wachache, ukawa unanipigia simu nikipita juu: "Nimekusikia. Injini ya kushoto ina kikohozi." Mara mbili ilikuwa kweli. Kisha figo zikaanza, na hospitali, na safari za kusafishwa damu, na hukutaka tukuone ukiwa umelala. Siku ya mwisho niliyokuona uliniuliza habari za hali ya hewa Loki. Nikakuambia ni nzuri. Sikujua. Sikuwa nimeenda Loki mwezi mzima. Nilisema tu kwa sababu ulitaka iwe nzuri.

Hebu nikupe habari za huku. Mvua imerudi, na Mama Naisola ana maziwa ya kutosha mpaka anagawa. Naisola anafundisha Ngong, hesabu, na wanafunzi wanamwogopa. Kitengela hungeitambua. Pale nyuma ya duka letu tulipokuwa tukiona pundamilia sasa kuna nyumba za ghorofa, na ua wetu umezungukwa na madirisha ya watu. Wafula bado yupo, anasikia kwa sikio moja. Bwana Kamande alikuja mazishini akasimama nyuma, hukumwona, akanisaidia kumshika Mama Naisola tulipotoka kaburini.

Na mimi nina mistari minne. Juzi nilikuwa na kijana mpya, rubani msaidizi, hodari, anaongea Sheng tupu. Alikuwa anahamia kwetu kutoka kampuni nyingine, na nikamwuliza kama amepeleka karatasi zake za mfuko. Akasema, "Si hiyo hujiendea tu, Captain?" Nikamwambia kuna wakati haikuwa ikienda yenyewe. Akaniangalia kwa adabu kama mtu anayesikiliza habari za vita vya zamani. Nilitaka kukasirika. Halafu nikaona hicho ndicho ulichotaka, watoto wasiojua kwamba ilikuwa shida. Nikamwambia tuendelee na safari. Lakini jina lako nilimwambia. Nilimfanya alirudie.

Jambo la mwisho. Marubani wamenichagua niwe mdhamini wa mfuko, nikae kwenye meza ile ile. Kikao changu cha kwanza ni wiki hii. Mafundi wa ndege wameomba kuingia, wale wanaotambaa chini ya injini wakati sisi tunakunywa chai, na tayari nasikia wenzangu wakisema kwamba mafundi watatumaliza. Marubani, Kapteni. Wengine wao walikula mbuzi wa baba yangu.

Sina subira yako. Mtu akisema upuuzi uso wangu unaonyesha. Lakini nakuahidi nitakaa mpaka kila mmoja amalize kuongea, na sitaondoka mezani kabla mafundi hawajapata jibu la maana, hata ikichukua miaka. Na nikiwa na uamuzi unaogusa nyumba yangu, nitamwuliza mume wangu kwanza. Hilo nimejifunza kwa kosa lako, samahani.

Mama Naisola nitamwona kila mwisho wa mwezi. Hahitaji kupelekwa benki, anajua njia. Nitaenda kwa sababu ananikaribisha.

Nakuaga kwa Kimaasai chako: sere, Kapteni. Mimi nakuombea kwa namna yangu na wao kule kanisani wanakuombea kwa yao, na sidhani maombi yetu yanagongana. Pumzika kabisa. Hakuna safari unayodaiwa.

Wako,
Hodan